Malengelenge ya miguu: kuyazuia na kuyatibu safarini

Kutoka Nyangezi hadi Bukavu ni zaidi ya kilometa 20, na wengi wetu huzitembea, wengine wakiwa na mzigo mgongoni. Kumbukumbu la Torati 8:4 inatukumbusha kwamba miguu ya Waisraeli haikuvimba miaka 40 jangwani. Yetu inahitaji kutunzwa.

Lengelenge hutokea kiatu kinaposugua ngozi. Jasho na maji ya mvua huzidisha.

Kuzuia: Tusianze safari ndefu na viatu vipya, tuvizoeze kwanza nyumbani. Tuvae soksi kavu na kubeba jozi nyingine. Mguu ukianza kuwaka mahali fulani, tusimame hapo hapo, tuukaushe, tubandike plasta.

Kutibu: Lengelenge dogo lisilouma tusilipasue, kwani ngozi yake huzuia vijidudu. Likiwa kubwa na linauma, tunawe mikono kwa sabuni, tusafishe sindano kwa alkoholi, tutoboe ukingoni maji yatoke, ngozi tuiache. Tufunike kwa bandeji safi na kuibadilisha kila siku.

Mwenye kisukari asijitoboe. Aende kituo cha afya. Vivyo hivyo penye usaha, uvimbe unaoenea au homa.

Ndugu akichechemea njiani, tusimwambie avumilie tu. Tumpokee mzigo, aketi, tumwangalie mguu.