Mafundi wa Quartier Industriel

Mafundi walifika Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kabla ya viwanda. Walipanda na misafara kutoka Ujiji, wengine wakaja nyuma ya askari wa Kijerumani waliojenga boma lao hapo mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, waliwakuta Waswahili hao karibu na ziwa, na walipoupanga mji upya wakawahamishia Buyenzi, kwenye mitaa iliyonyooka, yenye namba badala ya majina. Huko ndiko ufundi wa barabarani ulikotia mizizi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi.

Viwanda vilikuja baadaye. Kampuni ya bia ya Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, na Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, ikajaa maghala ya kahawa na pamba, mafuta na sabuni. Baada ya uhuru wa 1962 kikaongezeka kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China. Tarehe za viwanda hivi zimeandikwa. Za waliokaa nje ya kuta zake hazikuandikwa, ingawa pipa lililokwisha kazi ndani lilianza maisha mapya mikononi mwao.

Mtazame fundi wa imbabura, yaani jiko la mkaa. Hulipasua pipa kwa tindo na nyundo, akalikunjua na kulilaza chini, akaligonga mpaka bati likanyooka. Hupima kwa kijiti kilichokatwa alama, wala hatumii futi. Kisha anatoboa matundu ya kupitisha hewa, anakunja kingo zishikane, anapigilia ribiti alizozikata mwenyewe kutoka kwenye misumari. Hakuna umeme hapo wala kulehemu. Mwanafunzi wake huanza kwa kushikilia bati lisicheze. Siku atakayokabidhiwa tindo, anajua amekubaliwa. Karibu nyumba zote za jiji hili hupika kwa mkaa, kwa hiyo chakula cha jioni cha Bujumbura kinategemea mkono huo.

Kipimo kikubwa kilikuja Julai 1996. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwezi huo, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vikadumu hadi Januari 1999. Mafuta na vipuri vikawa adimu. Fundi asiye na kipuri kipya hutengeneza kutokana na cha zamani: anakivua kwenye gari bovu, anakichonga, anakijaza chuma, anakirudisha. Naamini Buyenzi ilipata heshima yake kama hospitali ya magari kwa sababu ya uvumilivu wa namna hiyo. COTEBU, yenye mitambo na mtaji wa serikali, ilifunga milango katika miaka ya 2000. Wagonga mabati wakaendelea.

Pigo jingine lilikuja tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili, soko kuu la jiji lilipoungua. Mitaji ya watu wengi ilikwisha kwa siku moja. Baadhi ya wafanyabiashara wakahamia soko la kwa Siyoni, na wabeba mizigo, abakarani, wakafuata bidhaa zilikokwenda. Akina mama wenye kuuza matunda kwenye agataro, ungo wa kichwani, wamezoea kufukuzwa na kunyang'anywa mali. Hili linanikera sana: mji unaokula matunda yao haujawapa mahali pa kudumu pa kuyaweka chini.

Machi 2022 wenye mamlaka walipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji. Uhaba wa mafuta nao ukazidi, foleni za esansi na mazutu zikawa ndefu, magari yakalala gereji. Kwa fundi magari, gari lisilotembea halina kinachoharibika. Baiskeli ndiyo iliyopanda thamani, maana haihitaji kituo cha mafuta. Lakini yenye mzigo wa mkaa au ndizi inakomea pale marufuku inapoanzia. Hapo mzigo unafunguliwa kamba, bei inapatanwa upya, na karani anainama kuupokea mgongoni.