Mshipa wa Adamkiewicz

"Sista, mbona nikimgusa anasikia, lakini miguu haiinui?"

Mama yule aliniuliza asubuhi iliyofuata upasuaji. Mwanawe alikuwa na miaka 3, ametolewa uvimbe uliojibana kando ya pingili, nyuma ya kifua. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa vyombo thieta. Damu ilikuwa kidogo, na kisu hakikukaribia uti wa mgongo. Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nililipata baadaye, na lilianzia mbali. Mwaka 1667 Niels Stensen, mtaalamu wa Denmark, alieleza jinsi aota (mshipa mkuu wa damu) ya mnyama ikifungwa miguu ya nyuma inavyolegea. Damu ikikatika, neva hunyamaza. Ila damu hiyo inapitia wapi? Aliyetuchorea njia ni Albert Adamkiewicz, profesa wa Kraków, katika kazi alizochapisha Vienna mwaka 1881 na 1882. Alionyesha mishipa michache inayolisha mbele ya uti, na mmoja mkubwa kupita yote: kwa watu wengi huingilia kushoto, chini ya kifua, hupanda kidogo, kisha hujikunja kama ndoana na kushuka. Sehemu ya mbele ya uti, kuanzia hapo kwenda chini, huutegemea sana. Nyuma kuna mishipa mingine. Ndiyo sababu mtoto alisikia vidole vya mamake na bado hakuweza kusogeza miguu: mguso hupita nyuma, amri ya kutembea hupita zaidi mbele na ubavuni.

Adamkiewicz huyohuyo alidai baadaye kwamba amepata dawa ya saratani, kankroini. Wenzake waliikataa, na walikuwa na haki. Lakini mshipa wake ulikuwa wa kweli, na leo miongoni mwa wanaouhitaji ni daktari anayetoa saratani kwa mtoto. Nyuroblastoma, saratani ya watoto iliyopewa jina hilo na James Homer Wright mwaka 1910, huweza kuota palepale, ikizungukia mishipa kama mzizi unavyozungukia jiwe.

Ulinzi wa uti ulichelewa. Mwaka 1973 Pierre Stagnara na wenzake wa Ufaransa, waliokuwa wakinyoosha migongo iliyopinda, walieleza njia ya kumzindua mgonjwa katikati ya nusukaputi na kumwambia asogeze vidole vya miguu. Mtoto wa miaka 3 utamwamrishaje hivyo? Mwaka 1980 Merton na Morton wa London walionyesha kwamba umeme ukipitishwa juu ya fuvu, misuli hujibu. Kutokana na hilo, uti unaweza kusikilizwa mgonjwa akiwa amelala. Na mwaka 2009 wataalamu wa kimataifa waliorodhesha hatari za kutazamwa kwenye picha kabla ya kupasua nyuroblastoma. Mojawapo ni uvimbe uliopenya pale mbavu zinapoungana na pingili, kati ya pingili ya 9 na ya 12 za kifua. Nilipousoma mstari huo nilimwona mtoto wetu.

Mamake nilikutana naye tena kliniki, akisukuma kiti cha magurudumu. Nilimchorea mshipa ule nyuma ya karatasi ya vipimo, na ndoana yake.

"Ulijulikana tangu lini?"

"Tangu miaka ya 1880, mama. Lakini kila mtoto anao mahali pake. Kujua kwamba upo si kujua ulipo kwa huyu."

Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaukunja mara mbili, akautia kwenye pochi pamoja na kadi ya mtoto.