Daftari la Ubatizo

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa. Wengi walikuwa watoto waliotekwa bara. Kwa wajukuu wao, daftari la ubatizo mara nyingi ndilo andiko la kwanza lenye jina la babu.

Soma mstari taratibu: tarehe, jina, wazazi, msimamizi, padri. Kilatini kisikubabaishe; Josephus ni Yosefu, Joannes ni Yohana. Usiruke pambizo, maana ndiko kwenye utajiri: paroko huongeza humo habari za kipaimara na ndoa, pengine iliyofungwa parokia nyingine, nawe utaifuata huko. Nafasi ya wazazi ikiwa tupu, na utupu huo unauma, mtafute msimamizi. Huenda naye alibatizwa hapa.