Kuku katika lupango: namna Kampala iligeuza amri ya mji

Mgeni akifika nyumbani jioni, katika jamaa nyingi za kwetu hakuna anayemuuliza kama ana njaa. Mama anatoka nje, anaita watoto kwa sauti ya chini, na watoto wanaanza kukimbiza kuku nyuma ya jiko. Mgeni anasikia makelele na anafahamu kama amepokelewa. Juu ya nyama hiyo wazee walikuwa na mpango wao: firigisi ni ya nani, paja ni la nani, shingo na miguu ni ya nani. Bwana aliyekosa kuona firigisi katika sahani yake alijua kama kuna maneno katika nyumba, hata kabla bibi hajafungua kinywa.

Lakini desturi hiyo inaomba kitu kimoja: kuku awe karibu. Kijijini hilo si neno. Mjini ni neno kubwa, sababu mji uko na amri zake, na mara nyingi amri hizo ziliandikwa na watu ambao hawakufikiri kama mkaaji wa mji anaweza kuwa na kuku. Sisi tunazoea kuandika juu ya desturi kama vile ziko kijijini tu. Hapa tunapenda kueleza namna desturi moja ilivyopigania nafasi yake mjini, katika mji wa Kampala, huko Uganda. Tumechagua Kampala juu watu wetu wa Beni, Butembo na Bunia wanafanya biashara kule tangu zamani, na Wakongomani wengi walikimbilia kule wakati wa vita. Wengi wameona kuku katika lupango (wengine wanasema parseli) za Kampala, lakini hawakujua ni safari gani kuku hao walifanya.

Wakati wa Waingereza, Kampala ilikuwa kama miji miwili. Juu ya vilima vya Nakasero na Kololo, na katika barabara za maduka, kulikuwa mji wa Wazungu na Wahindi, wenye amri za afya. Upande wa Mengo kulikuwa Kibuga, mji wa Kabaka wa Buganda, wenye uongozi wake. Katika Kibuga watu walikaa katikati ya migomba yao, na kuku wao walitembea chini ya migomba. Hakuna aliyeona ajabu. Sisi wa Kongo tunafahamu vizuri namna ile ya kugawanya mji. Katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Wabelgiji waliacha nafasi tupu kati ya mji wa Wazungu na cité ya weusi, waliyoiita zone neutre, na walisema ni juu ya mbu wa malaria. Kila mkoloni alikuwa na neno la afya la kumtenga mtu mweusi. Hatusemi kama afya ni uongo. Tunasema kama neno la afya lilibeba na mambo mengine ndani yake.

Uganda ilipata uhuru katika mwaka 1962. Wakubwa waligeuka, amri zilibaki. Sheria ya afya ya 1935 iliendelea, na amri za mji zilikataza kufuga nyama na kulima katikati ya mji bila ruhusa. Kisha, katika mwaka 1968, serikali ilisogeza mipaka ya Kampala. Mengo na Kibuga vikaingia ndani, na pia vijiji vingi vya kando, hata mji ukafikia karibu kilomita za mraba 190. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mama mmoja analala usiku kijijini, na asubuhi anaamka mjini, bila kuhama hata hatua moja. Migomba ni ileile, kuku ni walewale, jirani ni yuleyule. Lakini sasa kuku wake wamekuwa kosa. Hakuna aliyekuja kwake kumwambia, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali kuwa mtu wa mji.

Kwa miaka michache hilo halikuumiza sana, sababu mshahara ulikuwa unatosha. Taabu ilianza na Idi Amin. Alipofukuza Wahindi katika mwaka 1972, maduka yalibaki tupu, bei zikapanda, na mshahara wa mwezi ukaanza kuisha katika siku chache. Vita ya 1979 na vita zilizofuata ziliongeza. Hapo ndipo watu wa Kampala, hata wafanyakazi wa serikali, walirudilia jembe na kuku. Walimu walifuga, mapolisi walifuga, wauguzi walifuga. Amri ilikuwa bado inaandikwa katika kitabu, lakini yule aliyepaswa kuikaza naye alikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba yake.

Msomaji wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi hatahitaji maelezo marefu hapa. Kambi za Union Minière zililisha watu kwa posho, na mfanyakazi hakutazamia kama siku moja atalima nyuma ya nyumba ya kampuni. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, na hasa baada ya zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuondolewa katika mpango wa kuacha kazi wa 2003, lupango ziligeuka mashamba. Njaa haisomi amri.

Sasa tuje kwa jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa katika historia hii. Katika desturi ya Buganda, mwanamke hakula kuku. Hakula na mayai, hakula na nyama ya kondoo. Yeye ndiye aliyemchinjisha kuku, aliyemfunga ndani ya majani ya mgomba na kumpika polepole kwa saa nyingi, kisha akamweka mbele ya bwana wake, na yeye hakuonja. Wazee wa kwetu nao, mahali pengi pa mashariki ya Kongo, walikataza wanawake mayai ao nyama ya kuku, na kila kabila lilikuwa na sababu zake. Walisema atakuwa tasa, atazaa mtoto asiye na nywele, atakuwa mwizi. Vijana wa leo wanacheka. Lakini bibi zetu hawakucheka.

Na ni nani aliyefuga kuku katika Kampala ya taabu? Wanawake. Waliochunguza ukulima wa mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta kama karibu theluthi ya jamaa zilikuwa zinalima ao kufuga ndani ya mji, na kazi ile ilikuwa sana mikononi mwa akina mama. Walikuta tena kama sehemu kubwa ya kuku na mayai yaliyoliwa mjini yalitoka ndani ya mji wenyewe. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni 70%. Mama ambaye desturi ilimkataza kuonja kuku, sasa kuku ndiye aliyemlipia masomo ya watoto. Feza za mayai hazikupita mkononi mwa bwana kwanza. Kwa hiyo, mtu wa mji alipokuja kusema kuku hawa watoke, hakugusa tu banda. Aligusa kibweta kidogo cha mama, ambacho pengine kilikuwa feza peke yake alizokuwa na uwezo juu yake.

Watu wengi wanafikiri kama amri inageuka siku watu wengi wanapopiga makelele barabarani. Kampala haikuwa hivyo. Iligeuka kwa njia ya polepole, na kwa sehemu ilianzia ndani ya ofisi ya mji yenyewe. Baada ya serikali kugawa mamlaka, na sheria ya 1997 kuyapa mabaraza ya chini nguvu ya kuandika amri zao, mji wa Kampala ulikuwa na wafanyakazi wake wa ukulima. Kazi yao ilikuwa kufundisha wakaaji kulima na kufuga vizuri. Wakati uleule, wafanyakazi wa afya wa mji huohuo walikuwa na kazi ya kufyeka mimea na kukataza nyama. Mkono mmoja ulipanda, mkono wa pili uling'oa. Mama wa karte aliweza kufundishwa na mtu mmoja wa baraza leo, na kesho kutishwa na mwingine wa baraza hilohilo.

Ni aibu hiyo iliyofungua mlango. Wafanyakazi wale wa ukulima, waalimu wa chuo kikuu cha Makerere, mashirika na wafugaji wenyewe walianza kukaa pamoja. Katika mwaka 2004 walikuwa na kamati yao juu ya chakula, ukulima na ufugaji wa mji. Maandiko ya amri mpya yalipotoka, hayakubakia mezani kwa wanasheria. Yalipelekwa kwa wakaaji, yakasomwa, yakabishaniwa, yakaandikwa upya. Wafugaji walileta hesabu: tunalisha mji, tunalipa masomo, tunapunguza takataka sababu kuku wanakula maganda. Watu wa afya walileta yao: harufu, nzi, kinyesi katika maji, nyama inayouzwa bila kupimwa. Tukubali kama watu wa afya hawakuwa na kosa katika mambo yote. Aliyekaa karibu na banda lisilofagiwa wakati wa mvua anajua. Na kuna ugonjwa ule unaomaliza kuku wa karte nzima katika siku chache, madaktari wa nyama wanauita Newcastle. Kuku wanaotembea ovyo wanaupeleka lupango kwa lupango.

Katika mwaka 2006 amri mpya zilitoka: moja juu ya ukulima wa mji, moja juu ya ufugaji wa nyama, na nyingine juu ya nyama ya kula, maziwa na samaki. Kufuga kuku kukawa kazi inayokubaliwa, yenye ruhusa na masharti. Tuangalie mwaka huo vizuri. Ni mwaka uleule, katika mwezi wa pili, ambamo homa ya ndege ilionekana Afrika kwa mara ya kwanza, huko Nigeria. Woga ulikuwa mwingi. Jakarta, mji mkubwa wa Indonesia, ulikataza kuku wa nyumbani mwanzoni mwa 2007. Kampala, katika woga huohuo, ilichagua kuwaandika wafugaji kuliko kuwafukuza. Sisi tunaona ilichagua vema, sababu mtu aliyeandikwa anaweza kumwita daktari kuku wakifa, lakini mwenye kuficha atawazika usiku.

Ushindi haukuwa kamili. Ruhusa inaomba makaratasi, makaratasi yanaomba feza, na mama mwenye kuku watano katika nyumba ya kupanga hana yote mawili. Wengi waliendelea kufuga bila karatasi. Lakini tangu 2011, wakati mji ulipowekwa chini ya mamlaka mpya ya mji mkuu, mambo yalisogea mbele: katika kituo chake cha Kyanja, mamlaka hiyo yenyewe ilianza kufundisha wakaaji ufugaji na kuwatolea vifaranga.

Kunabaki jogoo. Katika miji ya mbali iliyofungulia kuku mlango, mara nyingi jogoo aliachwa nje. Uingereza, sheria ya 1950 juu ya mashamba madogo iliwapa watu haki ya kufuga kuku jike na sungura kwa matumizi ya nyumbani, hata kama mkataba wao wa nyumba unakataza. Jogoo hakuingia ndani ya haki hiyo. Marekani, serikali ilikuwa imewaomba watu katika vita ya kwanza ya dunia wafuge kuku wawili kwa kila mtu wa nyumba, kisha miji mingi ikaja kuwakataza. Katika mji wa Madison, wakaaji waliokuwa wanafuga kwa siri waliungana na kusemea jambo lao mbele ya baraza, na katika mwaka 2004 walipewa ruhusa: kuku jike wanne kwa nyumba, bila jogoo, bila kuchinja. Wakongomani waliopelekwa kukaa Marekani wanapokuta masharti ya namna hiyo wanashangaa. Kuku bila jogoo, na bila kisu? Kwa Madison kuku ni mayai na furaha ya watoto, na hiyo ni haki yao. Lakini kwetu jogoo aliamsha watu kabla saa hazijafika, na kwa mambo mazito ni yeye aliyeitwa.

Katika Buganda ni vilevile. Siku ya kuposa, kati ya vitu vyote ambavyo jamaa ya kijana inaleta, kuna jogoo mmoja wa ndugu wa bibi arusi. Wanamwita enkoko y'omuko, kuku wa shemeji. Ndugu huyo asipompokea, wazee wanasema ndoa haijafungwa, hata kama ng'ombe wamefika na pombe imekwisha kunyweka. Na jogoo huyo lazima awe wa kienyeji, mwenye manyoya mazuri na sauti. Kuku mweupe wa kizungu, yule anayeuzwa kwa kilo, hapokelewi. Kwa hiyo, katika siku za arusi, watu wa Kampala wanaulizana ni nani katika karte ambaye bado ana jogoo, na mara nyingi wanaelekezwa kwa mama fulani, nyuma ya nyumba, kwenye banda la mbao.