Mchukuano, Si Ulinganifu

Upo mwongozo wa vifaa vya upimaji ardhi wenye sura nzima iitwayo "Ulinganifu wa Vifaa na Programu". Neno hilo lilipitishwa na jopo la istilahi ambalo sitalitaja. Nililiandikia jopo hilo barua ya pingamizi na sikujibiwa. Kwa hiyo naziweka hoja zangu hapa, mbele ya wasomaji.

Kulingana ni kuwa sawa. Mlingano wa hisabati una pande mbili zenye thamani moja. Usawa wa namna hiyo upo katika vifaa vya upimaji, lakini upo pale pasipo na tatizo: skrubu ya tripodi ya inchi 5/8 hushika chombo cha Leica, cha Trimble au cha Topcon bila ubishi. Tatizo huanza baada ya hapo. Prizimu ya duara ya Leica hupewa na kampuni yake thamani 0 ya kusahihisha umbali. Ikitumiwa na chombo cha kampuni nyingine, prizimu hiyohiyo hutakiwa kuandikiwa milimita -34.4. Mpimaji akiacha 0, mwali unarudi kama kawaida, umbali unatokea kwenye kioo, hakuna onyo lolote, na kila umbali una kosa la milimita 34.4. Uwandani watu husema chombo "kinasoma" au "hakisomi". Hapa kinasoma, tena upesi, na bikoni inakwenda kukaa pasipo pake.

Tena vitu vinaweza kufanya kazi pamoja bila kulingana hata kidogo. Mwaka 1989, katika kampeni ya upimaji wa Ulaya iitwayo EUREF 89, vilitumika vipokezi vya setilaiti zaidi ya 60 kutoka kwa watengenezaji 4, kila mmoja na faili za namna yake. Taasisi ya Astronomia ya Chuo Kikuu cha Bern ikabuni RINEX, muundo mmoja wa faili wa kubadilishana data hizo. Vipokezi vilibaki tofauti vilevile, na data zake zikakokotolewa pamoja.

Wako wanaotetea "utangamano". Neno hilo limeshapewa kazi nzito ya kisiasa. Kenya ina Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na si vyema kulishusha hadi kwenye kebo na kadi. "Upatanifu" unanukia upatanisho wa kisarufi. "Uoanifu" ndio mpinzani wa kweli, kwa kuwa simu zetu zimeshaanza kutuambia kwamba programu fulani "haioani". Lakini kuoana kumetoka kwenye ndoa, na tangu hapo kunawaza wawili. Mpimaji ana chombo, prizimu, kinasa data, kadi na programu ya ofisini, na kazi huharibika hata kimoja tu kikienda kinyume.

Neno langu ni mchukuano. Sikulitoa hewani. Fundi cherehani hukataa uzi kwa kusema hauchukuani na kitambaa, na hapo hadai kwamba uzi na kitambaa viwe sawa. Chukua ni kubeba mzigo. Kisha ni kuwa na nafasi ya kitu, kama tusemavyo gari linachukua watu wanne. Ukiongeza -ana ya kutendana unapata vitu vinavyobebana na kufaana, viwe vingapi. Umbo la nomino nalo ni la kikwetu kabisa: ungana hutoa muungano, gongana hutoa mgongano, fungamana hutoa mfungamano. Kwa nini chukuana inyimwe mchukuano?

Hiyo maana ya nafasi ndiyo jopo lilipaswa kuiona. Katika faili za GSI za Leica, namba 21 hutangulia pembe ya mlalo, 31 umbali wa mteremko, 82 kuratibu ya kaskazini. Toleo la GSI-8 lina tarakimu 8 kwa kila thamani. Dar es Salaam, kuratibu ya kaskazini ya UTM ni mita milioni 9.2 na zaidi: tarakimu 7, na 3 za milimita, jumla 10. GSI-8 haizichukui. GSI-16 inazichukua, ila programu iliyozoea tarakimu 8 tu haitachukuana na faili yake. Kitenzi kimoja kimeeleza hitilafu na chanzo chake. Ulinganifu ungeeleza nini hapo?

Matumizi hayahitaji maneno mengi: programu inachukuana na chombo, haichukuani nacho, mchukuano na matoleo ya awali, jedwali la michukuano.

Nawaomba wanaotayarisha toleo lijalo la mwongozo ule wafute "ulinganifu" katika kichwa cha sura na popote linapofuata. Na jopo linijibu kwa maandishi.