Huruma Yenye Kumbukumbu

Mwaka 1938 kilitolewa katika jiji la New York, Marekani, kijitabu cha katuni kilichoitwa Action Comics. Bei yake ilikuwa senti 10, na wanunuzi wake wengi walikuwa watoto. Ndani yake alionekana kwa mara ya kwanza Superman, shujaa aliyebuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao walilipwa dola 130 tu kwa kazi hiyo pamoja na haki zake. Watoto walikisoma, wakakikunja, wakakipasua, wakakitupa. Kwa sababu hiyo nakala zilizosalia ni chache, na uchache umezifanya kuwa hazina.

Nakala moja ya hazina hiyo ilikuwa mali ya Nicolas Cage, mchezaji wa filamu. Mwaka 2000 iliibwa nyumbani kwake. Miaka 11 ikapita kimya. Aprili 2011 ikapatikana katika ghala la kukodi karibu na Los Angeles, na Novemba ya mwaka ule ule ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Kitu cha namna hii ni chepesi kuibwa kuliko kuuzwa. Kila nakala ina mikunjo yake na madoa yake, nao wajuzi huzikumbuka alama hizo kama mchungaji akumbukavyo ng'ombe wake. Kumbukumbu ndiyo imrudishiayo mwenye mali haki yake.

Lakini kurudi kwa mali ni nusu ya haki; nusu ya pili ni hukumu ya mwizi. Wahenga walisema kwamba kosa moja haliachi mke. Wahenga hao hao walisema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Je, hakimu afuate methali ipi?

Tutazame habari za Stephen Blumberg, Mmarekani aliyeiba vitabu adimu kwa miaka mingi, si kwa kuviuza, bali kwa kuvipenda. Mwaka 1988 alikamatwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California huko Riverside. Alikuwa amejipa jina la profesa mmoja, tena akichukua kitambulisho chake. Shitaka lilikuwa kuingia mahali pasipo ruhusa. Akatozwa faini ndogo, akaachiliwa chini ya uangalizi. Maelfu ya vitabu alivyokwisha kuviiba hayakutajwa, maana hakuna aliyeyajua.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, polisi waliingia nyumbani kwake Ottumwa, katika jimbo la Iowa, wakakuta vitabu zaidi ya 20,000 vya maktaba za Marekani na Kanada. Alikuwa amezoea kufuta mihuri na kubandua vibandiko vya maktaba. Kwa hiyo kuvirudisha kwa wenyewe kulikuwa kazi ya taabu. Mwaka 1991 alihukumiwa kifungo cha miezi 71 na faini ya dola 200,000. Hata hivyo, baada ya kufunguliwa alikamatwa tena kwa wizi.

Mtu mwepesi wa kusema atasema kwamba huruma ya mwaka 1988 ndiyo iliyokosa. Sivyo. Kifungo nacho hakikumponya. Kilichokosa ni maarifa: mahakama ilimhurumia mtu isiyemjua, kwa kosa dogo lililoficha kosa kubwa. Huruma ya namna hiyo si huruma, ni usahaulifu. Huruma ya kweli humwuliza mkosaji jina lake na mwenendo wake. Humtaka arudishe alichochukua. Humpa nafasi ya kutengenea, kisha humtazama. Akirudia, nafasi hupungua, wala hawezi kulalamika, maana alipewa.

Wala tusidhani kwamba kijitabu au kitabu kikuukuu ni kitu kidogo. Kiibwapo kutoka maktaba, aliyeibiwa si mtunza maktaba peke yake. Ni kila msomaji ambaye angalikuja kesho kukitafuta, naye hana njia ya kwenda mahakamani kudai. Hakimu anapopima huruma yake, na amweke msomaji huyo asiyekuwapo katika mizani. Kumsamehe mwizi ni wema. Kumsahau aliyeibiwa ni wizi wa pili.