Minara ya Mjini na Shimo la Mangapwani: Tusome Vipi Majengo ya Enzi ya Victoria

Katika mafunzo ya siasa, somo la historia ya Zanzibar huanzia darasani na kumalizikia njiani. Wanafunzi huchukuliwa Forodhani na Mkunazini, kisha hupakiwa garini kwenda kaskazini kwa njia ya Bububu mpaka Mangapwani, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka mjini. Nimeiongoza safari hiyo mara nyingi. Kwa miaka kadhaa niliiongoza kwa namna ambayo leo naikosoa, na makala haya ni sehemu ya kujikosoa huko.

Nilikuwa nikieleza hivi: mjini mtaona jinsi utumwa ulivyokomeshwa, na Mangapwani mtaona jinsi wakaidi wachache walivyoendelea kuvunja sheria. Siku moja mwanafunzi aliyesimama kwenye ngazi za chumba cha watumwa aliniuliza: "Ndugu Mwalimu, kama biashara ilikuwa imekwisha, nani alikuwa ananunua?" Nilimpa jibu la kupitisha wakati. Njia nzima ya kurudi mjini swali lile halikuniacha, kwa sababu lilikuwa swali sahihi la kimapinduzi: halikuuliza nani alikuwa mbaya, liliuliza uchumi ulikuwa unakwenda vipi.

Msingi wa majengo

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Katika muda huo huo Unguja iligeuzwa kuwa makao ya dola ya Seyyid Said, ikawa shamba kubwa la karafuu na ghala la pembe za ndovu, na mwaka 1890 ikatiwa rasmi chini ya ulinzi wa Uingereza. Mji Mkongwe tunaouona leo kwa sehemu kubwa ni mavuno ya karne hiyo.

Lakini karafuu hazikujichuma, na pembe hazikujibeba kutoka Maziwa Makuu mpaka pwani. Kulikuwa na mikono ya watumwa mashambani na mabega ya wapagazi njiani. Juu yao walikaa wenye mashamba na wenye misafara. Juu ya hao walikaa wakopeshaji wa mtaji. Na juu ya wote kulikuwa na masoko ya London, Hamburg na Salem ya Marekani. Nguo iliyoletwa na Wamarekani imetuachia hata jina lake, amerikani. Pembe zilizobebwa na mababu zetu zilikatwa vipande vya kufunika vibao vya piano katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Amerika. Basi asije kada akawaambia vijana kwamba utumwa wa Zanzibar ulikuwa jambo la kabila moja dhidi ya jingine. Ulikuwa mfumo wa uzalishaji, na faida yake ilivuka bahari.

Yaliyobaki na yaliyotoweka

Sasa tuyatazame majengo yenyewe.

Beit al-Ajaib ilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, kwa nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka ng'ambo na dari za juu kupita nyumba zote za mji. Karibu yake palikuwa na kasri jingine, Beit al-Hukum, na mbele yake mnara wa taa wa kuongozea vyombo. Leo ukiuliza mnara ule na kasri lile viko wapi, jibu lina tarehe: 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akajitawaza bila ya idhini ya Waingereza. Manowari za Uingereza zilifyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri. Beit al-Hukum ikaharibika isijengeke tena, mnara wa taa ukavunjwa, na jahazi la Sultani lililoitwa Glasgow likazama bandarini. Milingoti yake ilibaki ikichomoza majini kwa miaka mingi kama kidole cha onyo. Waingereza wakamweka Hamoud bin Mohammed, na Beit al-Ajaib ikatengenezwa upya na kupewa mnara wa saa. Kwa hiyo mnara ule uliopendwa na wapiga picha ulikuwa ukumbusho wa kipigo.

Tazama pia hospitali ya zamani ya Forodhani. Tajiri Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Victoria, na ilikamilika 1894, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Ni kazi nzuri ya mafundi wa mbao, na nia ya kutibu wagonjwa ni nia njema. Lakini Tharia Topan ndiye aliyewahi kukodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Sultani, na ndiye aliyemkopesha mtaji Tippu Tip. Faida ya msafara ikarudi mjini ikiwa sadaka, na sadaka ikapewa jina la Malkia.

Bustani ya Victoria nayo ina jumba ambamo Baraza la Kutunga Sheria la mkoloni lilikutana tangu 1926. Mwafrika wa kwanza aliingizwa katika Baraza hilo mwaka 1946. Miaka 20 walio wengi walitungiwa sheria katika nchi yao bila hata mtu wao mmoja kuwamo ndani.

Na Mkunazini kuna kanisa kuu la Kianglikana, lililoanzishwa 1873 penye soko la watumwa mara baada ya soko hilo kufungwa. Askofu Edward Steere, aliyeisimamia kazi hiyo na aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili, amezikwa humo. Husimuliwa kwamba nguzo fulani za humo zilisimamishwa kichwa chini miguu juu, askofu akiwa safarini. Wageni huchekeshwa na habari hiyo. Mimi huwaambia wanafunzi: hiyo ndiyo sahihi pekee ya mafundi wenyewe iliyobaki katika jengo lile.

Jirani na kanisa wageni huonyeshwa vyumba vya chini vinavyoitwa vya watumwa. Jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na ndiyo maana wanahistoria wameyatilia shaka maelezo hayo. Kada asiogope shaka hiyo. Ukweli wa utumwa hautegemei chumba kimoja. Una mikataba, hesabu za forodha na vizazi vya watu. Anayeongeza chumvi humpa adui nafasi ya kukana hata kilicho kweli.

Kilichochimbwa ili kisionekane

Sasa twende Mangapwani, Wilaya ya Kaskazini B. Njiani tunapita Maruhubi, ambako kasri la Barghash liliungua mwaka 1899 zikabaki nguzo na hamamu, na Mtoni, kasri la Seyyid Said, ambako mwaka 1844 alizaliwa Sayyida Salme. Magofu hayo mawili yalijengwa ili yaonekane kutoka baharini.

Mangapwani kuna vitu viwili ambavyo wageni huvichanganya. Kipo kwanza pango la asili lenye maji baridi chini yake, ambayo watu wa kijiji wameyatumia tangu zamani. Halafu, mbali kidogo na hapo na karibu na ufuko, kipo chumba kilichochongwa na watu ndani ya jiwe la matumbawe na kufunikwa juu, kiasi kwamba mtu akipita kati ya vichaka huenda asijue kama anakanyaga paa. Masimulizi ya mahali hapo yanamtaja Mohammed bin Nassor kuwa ndiye aliyekijengesha, baada ya biashara ya baharini kupigwa marufuku.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapopata jibu. Tuyapange mambo kwa tarehe zake.

Kwanza, Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Wenye mashamba walihitaji kupanda upya, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ilikuwa ikipanua mashamba. Haja ya nguvu kazi ikaongezeka.

Pili, Juni 1873, kwa kushurutishwa na Uingereza kupitia kwa John Kirk, Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Lakini mkataba huo haukuuondoa utumwa wenyewe. Aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa shambani.

Tatu, tangu 1874 hadi 1883 meli kuukuu ya Uingereza, London, ilitia nanga mbele ya mji ikituma mashua kuwinda majahazi ya watumwa. Kazi hiyo haikuwa mchezo: mwaka 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa katika mapambano na jahazi karibu na Pemba.

Unganisha mambo hayo matatu, ndugu msomaji. Haja imeongezeka. Bahari imekatazwa. Shamba limeruhusiwa. Hatari yote imebanwa katika hatua chache kati ya maji na mikarafuu, kwa kuwa mtu akishafika shambani ni vigumu kumtofautisha na mtumwa wa zamani. Basi mfanyabiashara anahitaji nini? Anahitaji mahali mbali na mji, karibu na ufuko, pa kumficha binadamu mpaka jahazi liondoke au giza liingie, awe anapelekwa shambani au anavushwa kwenda kwingine. Chumba cha Mangapwani ni mtoto wa sheria nusu. Wanunuzi walikuwa wale wale waliouza karafuu kwa mataifa yale yale yaliyoleta mkataba.

Ilikuwa mpaka Aprili 1897 ndipo amri ilipotolewa ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, bwana wake akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Aliyefanya kazi bila ujira maisha yake yote hakulipwa kitu. Alitoka bila ya ardhi, akawa skwota katika shamba la bwana wa jana. Suala la ardhi lililokuja kupamba moto kabla ya Januari 1964 lilikuwa na mizizi yake hapo.

Mafunzo kwa kada

Funzo la kwanza: majengo ya enzi moja yasomwe pamoja. Mnara na shimo ni sura mbili za hesabu moja. Anayeonyesha kanisa bila Mangapwani anafundisha kwamba uhuru uliletwa na manowari. Anayeonyesha Mangapwani bila forodha na masoko ya ng'ambo anafundisha chuki ya kabila. Wote wawili wanapotosha.

Funzo la pili linatuhusu sisi wenyewe. Wapo waliokuwa wakisema: hayo ni majumba ya masultani, yaache yaanguke. Nami katika ujana wangu nilisema hivyo. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Haukuanguka usultani siku ile. Huo uliangushwa na umma mwaka 1964. Ilianguka kazi ya wachonga mawe, wachoma chokaa na mafundi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, na ikawafunika watu wa leo. Jumba lililojengwa kwa jasho la wanyonge ni mali ya wanyonge, na mali hutunzwa.

Funzo la tatu ni la mbele yetu. Mangapwani ya leo inatajwa katika mipango ya bandari mpya. Bandari ni kazi, ni ujuzi, ni mapato. Asiyeitaka aeleze vijana wa Bumbwini na Mangapwani watakula nini. Lakini ufuko ule ule uliwahi kupitishwa mzigo ambao haukuulizwa ridhaa yake. Haitakuwa jambo dogo, siku meli kubwa zitakapotia nanga, ikiwa mtoto wa pale ataweza kuingia katika chumba kile, akaelezwa kwa tarehe na kwa sababu, na akaelezwa na mtu wa kijiji chake mwenyewe.

Safari hiyo bado naiongoza. Nimebadilisha jambo moja tu: siku hizi naanzia Mangapwani. Wanafunzi wakishapanda ngazi zile kutoka gizani, ndipo tunaporudi mjini kuitazama minara. Hapo hakuna haja ya kuwaambia waulize nani alilipa. Wanauliza wenyewe.